Shida si vidole vya Mjomba, shida ni nobu

Wengi mmeniuliza ile klipu ya harusini imeenda wapi. Niliifuta. Ile ya mzee anapiga gitaa, anavuta kitu, kitu kinang'oka kinaruka mpaka kwenye sinia la pilau, na watoto wanakigombania kama peremende. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote tangu nianze kazi hii ya kontenti, na pale juu nilikuwa nimeandika "Mzee kang'oa sauti". Mkacheka. Nami nikacheka, nikakaa macho hadi saa nane usiku nikihesabu wafuasi wapya.

Yule mzee ni mjomba wangu, ndugu yake mama. Tangu klipu ile itoke alikaa wiki tatu bila kulishika gitaa.

Msamaha nilimwomba mwenyewe, tukiwa tumekaa barazani kwake, na hayo tumeyamaliza. Leo sikuja na machozi. Leo nimekuja kubishana na nyinyi, hasa nyinyi mlioandika kule chini "mzee apumzike sasa", "vidole vimeshachoka hivyo", "gitaa waachiwe vijana". Kwa sababu Mjomba alizisikia hizo komenti. Binti yake alimsomea moja moja. Nilipokwenda kumuuliza mbona gitaa liko uvunguni mwa kitanda, aliniangalia tu, akasema, "Mpwa wangu, vidole vimekwisha. Watu wameona."

Watu wameona nini? Hapo ndipo nilipokasirika, kwanza na nyinyi, halafu na mimi mwenyewe. Nikaliomba lile gitaa nikaenda nalo nyumbani. Nimelifungua, nimelijaribu, nimelala nalo chumba kimoja, na msimamo wangu ni huu: vidole vya Mjomba havina kosa. Lenye kosa ni lile dude dogo la plastiki alilokuwa analivuta.

Kwa wale wasiopiga gitaa, twende polepole. Gitaa la umeme lina vifundo vidogo vya duara pale chini, karibu na mkono unaopiga nyuzi. Mafundi wanaviita nobu, nami nitatumia jina hilo hilo. Ukizungusha hii sauti inapanda au inashuka, ukizungusha ile sauti inakuwa kali au nzito, kama redio za zamani tu. Chini ya kila nobu kuna kifaa kinaitwa potenshiometa, ingawa fundi wa redio wa hapa kwetu atakuambia "voliyumu" na maisha yataendelea. Sasa kuna aina moja ya voliyumu ambayo chini yake imebebeshwa swichi. Nobu ikiwa chini, swichi iko upande huu. Ukiivuta juu, milimita chache tu, swichi inahamia upande wa pili. Mimi naiita voliyumu ya kuvuta. Gitaa la Mjomba lina hiyo.

Inavutwa ili iweje? Gitaa lake lina kinasa sauti cha koili mbili, kile wanachokiita hambaka. Kilitengenezwa Marekani mwaka 1955 na mhandisi wa kampuni ya Gibson, jina lake Seth Lover, kwa sababu vinasa vya koili moja vilikuwa vinanguruma. Koili ni waya mwembamba sana uliozungushwa maelfu ya mara kuzunguka sumaku. Inasikia nyuzi za gitaa, sawa, lakini inasikia pia kila kitu cha umeme kilicho karibu. Stima yetu inacheza mara 50 kwa sekunde, na koili moja itakuimbia hiyo hamsini usiku mzima. Lover akaweka koili mbili zinazopingana, ngurumo ya hii ikaua ngurumo ya ile, na sauti ya nyuzi ikabaki, tena nene. Ila unene huo una bei yake. Ule mlio mkali, mwembamba, unaotoboa katikati ya ngoma na kinanda ukafika mpaka nyuma ya tenti, unapungua.

Na muziki wetu unautaka mlio huo. Bango la harusini, chakacha, hata mapambio ya kanisani yakichanganya, gitaa la solo lazima litoboe. Basi unavuta nobu, swichi inaizima koili moja, gitaa linaanza kulia kama chuma. Halafu wimbo unapoa, mshereheshaji anashika maikrofoni kutangaza zawadi, na hapo lazima uisukume nobu chini mara moja, kwa sababu ukiiacha juu spika inaanza kunguruma pamoja na genereta na harusi nzima inageuka kukutazama. Kwa hivyo hii si swichi ya kuweka mara moja ukasahau. Ni ya kushikwa mara ishirini usiku mmoja, gizani, mkono umetoka kwenye nyuzi na unatakiwa kurudi kabla mpigo unaofuata haujafika.

Sasa mikono ya Mjomba. Amekata mawe timboni miaka mingi, haya matofali ya mawe ya matumbawe ambayo nusu ya nyumba za Matsangoni zimejengwa nayo, labda hata hiyo uliyokaa ndani yake ukiandika "mzee apumzike". Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia hakikunji mpaka mwisho. Ncha ya kidole gumba imekufa ganzi. Kile kiplastiki cha kupigia nyuzi anakishika kwa kidole gumba na kidole cha kati, na anapiga, na mliokuwepo harusini mnajua anapiga vipi. Anachoshindwa ni kubana kitu kidogo, cha duara, laini, kwa ncha za vidole viwili, na kukivuta juu kwa haraka.

Nikasema hebu nijaribu mimi. Nina miaka 22 na kazi ngumu kuliko zote ambazo vidole vyangu vimefanya ni kusukuma skrini. Nilikaa barazani nikaivuta ile nobu mara kumi, mikono mikavu. Zote kumi zikakubali, ingawa mara mbili ilibidi nitumie ukucha. Kisha nikakimbia mpaka barabara kuu ya Malindi na kurudi, saa nane mchana, mnajua jua la huku, jasho likanitoka mpaka viganjani. Nikajaribu tena mara kumi. Nne tu ndizo zilizokubali. Mara tano vidole viliteleza vikatoka mikono mitupu. Na mara moja nobu iliting'oka ikabaki mkononi mwangu, vile vile kama harusini.

Miaka 22. Hakuna aliyeniambia nipumzike.

Na hapo mimi sikuwa nimekula pilau. Mpiga gitaa wa harusi amekula kwa mkono, ameosha kwa maji ya birika yaliyomwagwa haraka haraka, kisha amesalimiana na watu mia waliokula pilau hiyo hiyo.

Nilipoiangalia vizuri ile nobu nikaona imekosewa mahali patatu. Kwanza ina umbo la kofia, pana chini na nyembamba juu. Kwa kuzungusha haina neno. Kwa kuvuta ni balaa, maana vidole vinapanda ule mteremko na kutokea juu, kama unajaribu kunyanyua embe dodo lililomenywa kwa kulishika ncha. Pili imekandamizwa chini mpaka inagusa mwili wa gitaa, hakuna hata nafasi ya kupitisha ukucha. Ya tatu ndiyo iliyonikera zaidi, na sijui kwa nini watu hawaisemi. Nobu ile haina skrubu. Imechomekwa tu juu ya shina la voliyumu, shina lenye meno madogo madogo lililopasuliwa katikati, na inashikiliwa kwa kubanana. Yaani namna ya kuing'oa nobu kwenye gitaa ni kuivuta juu. Na namna ya kuitumia swichi ni kuivuta juu. Mwendo ule ule! Kilichotenganisha kutumia na kuvunja ni msuguano wa plastiki na chuma, na plastiki inalegea kila mwaka. Halafu ikikutoka mkononi, mzee ndiye amechoka.

Nitakuwa mwadilifu kwa waliotengeneza. Voliyumu ya kuvuta ina akili yake. Inakuwezesha kuongeza swichi bila kutoboa tundu jipya kwenye gitaa, na mtu ambaye ana gitaa zuri hataki kulitoboa. Mimi pia nisingetoboa. Lakini hao hao wanajua kwamba kuvuta ni shida. Fender walitoa swichi yao ya S-1 mwaka 2003, ambayo unabonyeza kitufe kilicho katikati ya nobu badala ya kuvuta. Kuna na voliyumu za kubonyeza: unaigonga nobu mara moja inaruka juu, unaigonga tena inazama. Kugonga hata kiwiko kinaweza. Na nobu za Telecaster, tangu miaka ya 1950 mwanzoni, ni za chuma chenye mikwaruzo pembeni, kama kifuniko cha chupa ya dawa, na kidole chenye jasho kinashika. Kwa hivyo elimu ipo tangu babu zetu. Tatizo ni kwamba gitaa la bei yetu linakuja na nobu iliyochaguliwa kwa sababu inapendeza kwenye picha.

Sasa kuna wale wa "gitaa la kizungu, Mgiriama na gitaa la umeme wapi na wapi". Wewe uliyeandika hivyo, nakuheshimu kwa sababu najua mama yako, lakini huijui Pwani yako. Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 huku huku kwetu Kilifi, Mgiriama, alikwenda Burma na jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akiwaburudisha askari kwa muziki, na anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme. Them Mushrooms, wale wa "Jambo Bwana" ambayo kila mtalii anaimbiwa mpaka leo, walianza mwaka 1972, ndugu wa familia moja ya hapa Pwani. Gitaa limekuwa letu kabla baba zetu hawajazaliwa. Kama ni letu basi tuna haki ya kulirekebisha.

Na hili la kurekebisha ndilo kubwa kwangu. Nendeni jikoni kwenu sasa hivi mtazame kifuniko cha sufuria. Kile kishikio cha juu kilishavunjika zamani, na mama ameweka nini? Kipande cha mti na skrubu. Au kizibo. Nendeni stejini mtazame pikipiki, mishikio imevishwa mpira wa tyubu kwa sababu mkono wa dereva unatoa jasho. Panga la nazi lina kitambaa. Jembe likikuumiza mkono unachonga mpini upya, hakuna mtu anakuambia "mikono yako imekwisha, pumzika kulima". Sisi ni watu wa kurekebisha vitu vitufae. Mtaa huu huu, Uyombo ilipotajwa kwamba itajengwa mtambo wa nyuklia, kila kijiwe kiligeuka chuo cha fizikia kwa wiki nzima. Lakini tukifika kwenye kitu kilichotoka dukani kikiwa na lebo inayong'aa, ghafla tunaogopa. Kitu kikitushinda tunadhani tumeshindwa sisi.

Basi nikaanza kazi. Sikumaliza chuo, msinidai cheti, lakini bisbisi ninayo.

La kwanza lilikuwa kuifanya nobu isiondoke na mkono. Niliitoa, na hapa onyo: usiichokonoe kwa bisbisi moja upande mmoja, utakwaruza gitaa na kupinda shina. Pitisha kitambaa chembamba au uzi mnene chini yake pande zote mbili, vuta sawa sawa. Kisha nikachukua ile tepu nyeupe ya fundi wa mabomba, inauzwa bei ndogo tu kwenye hadwea yoyote, nikazungusha shina mara moja na nusu, nikaichomeka nobu tena. Ikabana mpaka raha. Kuna wanaopanua ule mpasuko wa shina kwa kisu ili libane zaidi. Inafanya kazi, ila fanya kidogo sana, shina lile likikatika unanunua voliyumu nzima na unaanza kutafuta mtu wa kuchomelea waya.

Usitie gundi kwenye shina. Rafiki yangu mmoja alitia ile gundi ya haraka, matone mawili, akijisifu. Gundi ikateremka kwenye shina mpaka ndani. Nobu haikung'oka tena, ni kweli. Haikuzunguka tena vile vile.

La pili, nilipoichomeka sikuikandamiza mpaka chini. Niliacha nafasi kama unene wa sarafu mbili. Hii haina gharama hata senti, na kama gitaa lako lina shida hii anza hapo hapo kabla hujanunua chochote. Ukucha unapita, ncha ya kidole inapata mahali pa kuingia. Ila hakikisha shina bado limeingia vya kutosha ndani ya nobu, la sivyo unarudi kule kule kwenye sinia la pilau.

La tatu, mpira. Fundi wa baiskeli alinipa kipande cha tyubu iliyochakaa, nikakata pete nyembamba, nikaivisha nobu kama bangili. Pete ile ikabadilisha kila kitu. Nikarudia jaribio langu la jasho: kenda kati ya kumi. Nilifurahi mpaka nikapiga kelele, jirani akauliza kuna nini. Wengine wanatumia zile pete za mpira za mabomba, na wengine ule mpira wa waya unaojikaza ukipata joto. Zote zinafaa. Mipira ya kufungia noti usitumie, kwa joto la huku na jasho inageuka gundi ndani ya mwezi. Na hata tyubu usiiache ikagusa rangi ya gitaa muda mrefu, mpira unaweza kula rangi za aina fulani ukaacha alama.

Nikampelekea Mjomba kwa madaha. Akaitazama ile pete nyeusi akasema, "Hii nini, pete ya mganga?" Akaivuta. Ikakubali. Akavuta tena, ikamponyoka. Ya tatu ikakubali. Ya nne, ya tano, zikamponyoka.

Nikanyamaza. Kwangu ilikuwa kenda kati ya kumi, kwake ni nusu. Nikawa najiuliza, labda komenti zilikuwa na ukweli? Nakiri hilo, liliniingia kichwani.

Lakini Mjomba sasa alikuwa ameshalishika gitaa, na mtu aliyekata mawe maisha yake yote akiona kitu kinamkataa hakiachi. Aligeuza mkono akawa anaitazama ile nobu kwa pembeni. Akaniambia, "Wewe umetengeneza ya kubana. Mimi sibani. Hiki hakikunji, na hiki hakisikii. Mimi nataka ya kukwatua." Akanionyesha na kidole cha kati, kile kizima, akikiweka kama ndoano.

Alikuwa sahihi kabisa, na mimi katika siku zote nilizokaa na gitaa lile sikuwahi kumuuliza. Nilitengeneza kwa vidole vyangu, kama tu wale wa kiwandani.

Alichofanya ni hiki. Alichukua mfuniko wa ndoo ya rangi, ile plastiki ngumu, akakata duara pana kidogo kuliko nobu, limezidi kama milimita tatu kila upande. Katikati akatoboa tundu kubwa la kupita ile nati inayoshikilia voliyumu, lakini dogo kuliko kitako cha nobu. Kingo akazisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Akaitoa nobu kwenye gitaa kabisa, akaligundisha duara chini yake, akaiacha mpaka asubuhi ikauke. Gundi imekaa kwenye nobu, si kwenye shina, na gitaa liko mbali. Kesho yake akazungusha tepu ya mabomba kwenye shina, akaichomeka akiacha nafasi. Sasa nobu ina ukingo kwa chini, kama sahani ya kikombe. Kidole cha kati kinaingia chini ya ukingo, kinakwatua, nobu inapanda. Hakuna kubana. Kurudisha chini anaigonga tu na kiganja.

Mara kumi kati ya kumi. Nikamwambia atie maji mikononi. Kumi tena. Mimi mwenyewe nilijaribu na mafuta ya nazi, ikakubali.

Haipendezi, sitawadanganya. Duara ni la rangi ya kijani kibichi na gitaa ni jekundu. Nilimwambia nitamtafutia plastiki nyeusi akasema aliyetaka kupendeza aoe.

Nilijaribu pia kumnunulia nobu ya chuma, ile ya mikwaruzo, na nawaambia yaliyonipata ili yasiwapate. Niliagiza mtandaoni bila kupima. Mashina ya voliyumu hayafanani. Magitaa mengi ya Asia yana shina la milimita 6 lenye meno 18, na ya Marekani yana shina nene kidogo, robo inchi, lenye meno 24. Nobu ya moja haikai vizuri kwenye nyingine, ama inacheza ama inapasuka ukiilazimisha. Na kuna shina zima lisilo na mpasuko wala meno, hilo linataka nobu ya skrubu ya pembeni. Hiyo ya skrubu ndiyo bora kwa voliyumu ya kuvuta, haing'oki, mradi uikaze na elenki ndogo na kupaka skrubu mafuta kidogo, maana chumvi ya bahari yetu ikishaila ile skrubu hutaifungua tena. Niliyonunua mimi iko kwenye droo. Nimeifanya kishikio cha droo, kweli, iko hapo.

Kuna mmoja ataandika kwamba nimefanya jambo dogo kuwa kubwa, nobu tu jamani. Sawa. Lakini harusi moja inamlipa Mjomba pesa ambazo timboni angezitokea jasho siku kadhaa na mgongo wake haukubali tena. Wiki tatu alizokaa, harusi mbili zilimpita, moja hapa Roka na nyingine Gede, na walipewa watu wengine. Kiongozi wa bendi alikuwa ameona klipu yangu. Hakusema kitu kibaya, alisema tu "Mzee tumuache apumzike". Maneno yenu hayo. Yaliyotoka kwenye ukurasa wangu.

Nilimfuata yule kiongozi na gitaa mkononi. Sikumhubiria. Nilimwambia avue, yeye mwenyewe, nobu ya gitaa lake. Lake pia ni la kuvuta, na kumbe huwa haivuti kabisa, ameiacha chini miaka miwili kwa sababu inamteleza. Miaka miwili anapiga nusu ya gitaa alilolinunua! Na yeye hana hata miaka thelathini. Aliitazama sahani ya kijani ya Mjomba, akaivuta mara kadhaa, akauliza mfuniko wa ndoo ulikuwa wa rangi gani, maana anataka nyeupe.

Mjomba anapiga Jumapili ya kesho kutwa kanisani, na mwezi ujao kuna harusi Chumani. Nitarekodi, ameniruhusu, kwa sharti kwamba nimwonyeshe kwanza kabla sijaposti chochote.

Jumamosi hii kuanzia saa nne nitakuwa kwa fundi wa baiskeli pale stejini Matsangoni. Mwenye gitaa linaloteleza alilete, hata besi. Tyubu ipo, tepu ipo, elenki ipo. Mifuniko ya ndoo mje nayo wenyewe. Na ile nobu ya zamani, ya kwenye pilau, mtoto aliyeiokota aliniuzia kwa shilingi 20. Ninayo mfukoni, nitawaonyesha jinsi ilivyokuwa laini. Mjomba akipita, msimuulize habari ya pilau.